Kamba ya Bibi Yako Haiungiki

Issuna

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, salamu zako zimefika. Huku alizeti imeshavunwa, baba yako mdogo amehamia Ikungi, na nyumba imebaki na sauti yangu tu.

Umeniandikia kuhusu yuropiamu, metali ambayo huko maabara mnaivika molekuli zilizojisokota upande mmoja, kisha mkiimulika inang'aa nyekundu. Kemikali mbili zinazofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto zikiigusa, kila moja huubadili mwanga ule kwa namna yake. Unauliza kama nimeelewa. Nadhani nimeelewa, kwa sababu ya bibi yako.

Alipoolewa, mama yangu alimpa katani wasokote kamba ya ng'ombe, kila mmoja uzi wake pajani. Walipoziunganisha nyuzi zile, kamba ikafumuka.

"Mkamwana, uzi wako unatukimbia!" mama akasema.

"Labda ni wako unaoukimbia wangu, mama," akajibu, akicheka.

Bibi yako alisokota kwa mkono wa kushoto, uzi wake ukajipinda kinyume na wa mama. Kwa macho nyuzi zilikuwa sawa. Zilipokutana ndipo tofauti ikajitokeza.

Kamba yake ya mwisho, ya kufungia ndama, imekatika. Najaribu kuiunga kwa uzi wangu, inafumuka, na mkono wangu wa kushoto hautaki kujifunza. Ya dukani sitaki.

Nimekumbuka kwamba wewe huandika kwa kushoto, kama yeye. Katani nimeshailoweka na kuianika. Ukija likizo, kaa nami uiunge.

Babu yako