Kiti cha Pijo Ndani ya Moris Yetu

Eugenia mwanangu,

Kande zipo jikoni, mzipashe moto. Mdogo wako Cornel asiende kucheza kabla hajajaza maji pipa. Kitanda chetu kitandike shuka safi, bibi yenu atalala hapo.

Mimi na baba yenu tumekwenda kijijini Marui kumchukua, kesho apelekwe hospitali kwa ajili ya nyonga yake iliyoumia. Najua mlisikia asubuhi nikimfokea baba yenu. Nilimkuta ameng'oa kiti cha mbele cha Moris na kutoboa sakafu yake. Nikamwambia, "Umeharibu gari siku ya kumfuata mama yangu!"

Akaendelea kufunga kiti alichokitoa kwenye Pijo bovu la gereji. Matundu ya kiti na ya sakafu hayakulingana, akaunga kwa vipande vya chuma. Alipomaliza akasema, "Mama Eugenia, hebu kaa." Nikakaa. Akavuta mkono wa pembeni, kiti kikalala chali, nami juu yake.

"Mama hawezi kukaa na nyonga ile," akasema. "Atakuja amelala."

Na mama huyo ndiye aliyekataa katakata baba yenu asinioe.

~~Niombeeni msamaha kwa ba~~ Hapana, nitamwomba mwenyewe njiani.

Kiti hicho ni chekundu na kile kingine cha mbele ni cheusi. Msicheke.

Kikilala, nyuma hubaki upenyo tu. Baba yenu ameuliza nitakaa wapi tukirudi. Nimemwambia nitajibana humo humo, kichwa cha mama kiwe mapajani mwangu, yeye aendeshe polepole.

Mama yenu