Mstari wa Wifi Umenyooka

Ijumaa, 30 Mei
Wifi naye ameanza! Wazo ni langu, kuupima mwezi nilianza mimi. Mkuu wa shule alisema atachagua grafu moja tu, na mwenye grafu ataenda wiki sita kusomea mambo ya anga. Leo dada wa mume wangu, mwalimu wa hesabu kwenye shule yetu, kapanda paani kwetu na kipimapembe kipya kabisa. Mimi nina vijiti viwili na bawaba ya kabati. Kila alasiri napima pembe kati ya jua na mwezi — jua kwa kivuli cha msumari, macho bado nayahitaji. Natoa pembe ya jana. Kinachobaki ndiyo kasi ya mwezi kwa siku. Nukta moja, kwa penseli, moja kwa moja kwenye grafu.

Jumatatu, 2 Juni
Nukta zangu zinashuka tu. Zilianza karibu nyuzi kumi na nne kwa siku, leo kumi na mbili na ushee. Za wifi zimekaa kwenye kumi na mbili, sawa kama kamba ya kuanikia. Mnyonge mnyongeni, mstari umenyooka. Mume wangu eti dada yake ana mkono tulivu tangu utotoni. Nikamwambia basi chakula cha jioni kipo kwa huyo mwenye mkono tulivu.

Jumatano, 4 Juni
Wifi kaipiga picha grafu yangu kwa simu. Ya kumbukumbu, alisema. Kumbukumbu ya nini? Jioni mama mkwe anapiga simu kuniuliza kama ni kweli mwezi wangu umechoka. Walicheka wote wawili, yeye na wifi, nikawasikia.

Ijumaa, 6 Juni
Mkuu kaja kuona. Kwa wifi: huu ndio mstari. Kwangu aliinamisha kichwa, akauliza kama bawaba imelegea. Roho imeniuma mpaka nimeshindwa kufundisha kipindi cha mwisho. Nina wivu. Basi, nimeandika.

Jumamosi, 7 Juni
Nimefuta. Za juu nimezishusha, za chini nimezipandisha, nikaacha mawimbi kidogo ili ionekane ya kweli. Vipimo vyenyewe sikuviandika pengine popote. Mstari mzuri. Na bado wake umenyooka zaidi!

Jumatatu, 9 Juni
Wifi kanifuata ofisini, akakaa juu ya meza yangu. Yeye alipima siku mbili tu! Akakuta kitabuni wastani ni kumi na mbili, akajaza zilizobaki. Mkuu alipomsifu Ijumaa, aibu ilimshika, ndipo akapima kweli, siku tatu mfululizo. Kumi na moja, kumi na moja. Akasoma zaidi: mwezi ukiwa karibu nasi huenda mbio, ukiwa mbali hujikokota. Kushuka kwangu ndiko kulikuwa sahihi. Asubuhi hii amemweleza Mkuu yote, grafu yake kaitoa. Mkuu anakuja saa tisa kuchukua yangu.

Nikafungua droo. Sikuwa na la kufanya. Wifi aliitazama, akapitisha kidole kwenye alama za ufutio.

"Wifi, umefanya nini?"

Akatoa simu, akaitafuta picha ya Jumatano.

"Hii hapa. Lakini wa kumwambia Mkuu ni wewe, si mimi."

Hakunicheka. Afadhali angenicheka! Yeye alikiri asubuhi mbele ya Mkuu, akatoka akanywa chai yake. Mimi nimekimbilia daftari hili. Hata kukiri ananishinda.

Naandika ili nisimtazame. Simu yake iko mezani, inawaka, nukta zangu za hadi Jumatano zinashuka vilevile zilivyokuwa. Grafu ya uongo iko chini ya kiwiko changu. Viatu vya Mkuu vinasikika kwenye ngazi. Wifi kasogeza simu karibu na mkono wangu —