Simu ya Nyumbani Imekufa, Baba Yupo

Isansa, Juni 1999

Mwanangu Brenda,

Huku kahawa imeiva. Usihangaike kupiga simu ya nyumbani. Wezi wamekata nyaya, na mafundi hawaonekani.

Unakumbuka mimi ndiye niliyekuwa napeleka taarifa za misiba kwa majirani, maana simu ilikuwa kwetu? Hata siku niliyompelekea Mama Lusungu ndizi, aliponiona tu uani aliangua kilio.

Basi baba yako alianguka shambani, simu hamna. Mama Lusungu huyohuyo alikimbia kwa miguu mpaka Mbozi Misheni kututafutia gari. Sasa baba anakula, na analalamikia chumvi. Mungu ambariki jirani huyu.

Barua anakuletea yeye. Nimemwagiza acheke kwanza, ndipo abishe hodi.

Mama yako,
Tusekile