Kura ya Mama Mkwe

Leo Jumapili tarehe 14, tangu asubuhi ni mawingu mazito na manyunyu.

Mwenzangu, niombee.

Unajua mama mkwe haoni tena. Leo kwenye kituo cha kupigia kura akawakataa wanawe wote, akasema, "Nataka huyu mkwe wangu, anayesoma masomo ya jioni, ndiye anitilie alama." Msimamizi akaniapisha kwamba sitamwambia mtu yeyote. Nikaapa kwa jina la Mungu.

Akaninong'oneza jina. Nikatia alama palepale.

Sasa shemeji, si ndiye anayegombea udiwani, na tangu nifiwe na mume tunakaa kwake! Tuliporudi na mama mkwe, alikuwa ananisubiri getini kwake na wapambe wake.

"Mama kanipigia kura?"

Nikamshika mama mkwe mkono, nikataka kupita.

"Shemeji, nakuuliza!"

Nikamvusha mama mkwe dimbwi la maji.

"Basi leo mtalala kwingine, wewe na watoto."

Kwingine wapi, mwenzangu? Na mvua hii?

Mama mkwe akacheka: "Kukuzaa nimekuzaa. Kura ni yangu."

Shemeji akanigeukia tena mimi. Nikasema kwa sauti, majirani wote wanasikia: "Nimeapa mbele za Mungu. Hata ukitutoa nje leo, sitasema. Na kesho sitasema."