Dakika ya Ishirini na Nane

Tabora,
14 Agosti 1996

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti limeacha kukusumbua sasa baridi imekwisha. Msalimie baba. Nyuki wake nao nawasalimu, ila wasinijibu. Sisi huku hatujambo, na mtoto ananyonya kama ana ugomvi na mtu.

Kaka Severini alifika na chupa ya asali, na maneno yako akayaleta yote, hakupunguza hata moja. Kwamba mjukuu wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa binti. Kwamba mimi nimemzaa ugenini, basi jina la bibi Pudensiana hapewi, na kitovu chake tukizike huku huku. Mama, asali ile nimeila nikilia.

Unajua nilikuwa nimeshafunga mizigo nije Ugalla kwa treni. Siku mbili kabla ya safari presha ikapanda, uchungu ukaanza, na mganga wa hospitali pale kwetu Mpanda akasema nifikishwe Tabora siku hiyo hiyo. Treni ingelala njiani. Kwa bahati ndege ndogo ya wamisionari ilikuwa uwanjani. Rubani alisema ni kama kilomita mia mbili na arobaini, saa moja na dakika kumi tu. Nesi Imakulata akapanda nami. Deogratias akakaa mbele, ameikodolea macho saa yake ya mkono kana kwamba yeye ndiye anayeirusha ndege. Mkweo unamjua, ualimu wa hesabu umemwingia mpaka kwenye mifupa.

Sasa nikuambie nilichokuficha. Nilikuandikia kwamba nilijifungulia hospitali. Si kweli. Mtoto hakusubiri. Alizaliwa huko huko juu, mikononi mwa Imakulata, ndege ikiyumba, nami nikikuita wewe kwa sauti mpaka rubani akageuka. Niliogopa utashtuka. Na niliona aibu, watu wasije wakamcheka mwanangu kwamba hana mahali alipozaliwa.

Lakini juzi, Severini alipoondoka, Deogratias alitoa ramani na rula. Dakika alikuwa ameiandika: ya ishirini na nane tangu tuliporuka. Akapiga hesabu, zikatoka kilomita tisini na sita. Akaweka kidole. Mama, ni Ugalla! Ni ng'ambo tu ya mto, upande wa mizinga ya baba. Nami nakumbuka, Imakulata alipomwinua niliuona mto dirishani.

Kwa hiyo usiniambie tena habari ya ugenini. Amezaliwa nyumbani, ila juu kidogo. Jumanne ile, saa nne asubuhi, kama ulikuwa uani ukasikia ndege inapita, ilikuwa ni sisi.

Kitovu kimeshaanguka. Nimekifunga kwenye kipande cha ile kanga uliyonipa, sijakizika. Alhamisi ijayo tutashuka stesheni hapo Ugalla, kwa treni, maana ndege imetosha. Tafadhali mama, uje utupokee, na uje na jembe.

Wasalimie wote pale nyumbani, wakubwa kwa wadogo. Nakupenda sana.

Ni sisi wanao,
Aneth, na huyu anayesubiri jina.