Kabla Hujachomwa Sindano za Uso

Kwa mdogo wangu Hodan,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh, abaayo, dada yangu. Naomba barua hii ikukute wewe na mama yetu, hooyo, mmekaa kivulini, maji yamo kwenye birika na mbuzi wameshiba. Magoti ya hooyo yanasemaje siku hizi? Bado anakataa ile fimbo? Sisi huku tuko, alhamdulillahi. Ikram ameota meno mawili ya chini na anatuuma wote bila upendeleo.

Nakuandikia kwa Kiswahili cha shule kwa sababu Kisomali nakijua mdomoni tu, kukiandika hakunijii. Na simu za huko Lafey nazijua, mtandao ukipatikana mnaweka sauti kubwa nyumba nzima isikie. Haya ni ya macho yako kwanza. Hooyo utamsomea ukiona moyo wake umetulia.

Uliniambia unakuja Garissa kabla ya harusi yako, nikupeleke kwa yule mwanamke wa sindano akutoe mashimo ya chunusi. Ukaniuliza, mtu akishachomwa, baadaye inakuwaje? Nikanyamaza, ukadhani nimekununia. Sikununa, Hodan. Nilikuwa ndani ya hiyo baadaye yenyewe. Sasa nakujibu.

Mimba ya Ikram iliniachia madoa mashavuni, kama mtu amenipaka masizi ya sufuria. Wewe hukuyaona, maana picha za kukutumia nilikuwa nachagua. Wanawake wa hapa mtaani wakanielekeza kwenye chumba kimoja nyuma ya maduka ya shela. Kina kiti na kioo kikubwa. Yule mwanamke hakuniuliza kama ninanyonyesha, wala kama nina ugonjwa wowote. Alifungua kichupa, akanichoma vitone vitone shavu hili na lile. Maumivu yalivumilika. Kutobolewa masikio ni kubaya zaidi.

Nilipojitazama niliona vijipu vidogo vimejaa usoni. Akaniambia vitashuka vyenyewe. Nisiguse, nisikande, nisipake chochote, nisikae karibu na moto wala juani, nisilalie uso. Hapo alisema kweli, sitamsingizia. Hata muuguzi wa hospitali aliniambia baadaye kwamba ukichomwa na daktari hasa, uso bado huvimba kidogo, huwasha, pengine hubaki alama ya damu iliyovilia, halafu kila siku inapungua. Cha kuogopa ni kile kinachozidi badala ya kupungua.

Basi nikarudi nyumbani. Mama mkwe ananiangalia, ananiuliza ni nini usoni. Nikaona haya kusema. Nikasema ni mbu. Unajua huku karibu na Mto Tana mbu ni wengi. Akacheka akasema mbu wa Garissa siku hizi wanang'ata kwa mpango, mashavu mawili sawasawa.

Lakini aliamini. Akaenda akapasha samli moto, akaniita nilaze kichwa kwenye mapaja yake. Hodan, wewe unakumbuka hooyo alivyokuwa akiwakanda watoto wachanga, pua inyooke, kichwa kiwe mviringo, mtoto analala palepale. Hivyo ndivyo alivyonikanda. Tangu niolewe yule mama hajawahi kunigusa zaidi ya salamu ya mkono. Nilijua nimekatazwa. Maneno yalinifika mpaka kwenye meno, yakarudi. Ni muda mrefu sikuwa nimelazwa kwenye mapaja ya mama wa mtu. Alinikanda mpaka nikasinzia, kisha akanipaka qasil juu yake, unga wa majani alioutwanga mwenyewe.

Kesho yake uso ulikuwa na moto. Siku iliyofuata jicho la kushoto lilikuwa limefumbwa na uvimbe, shavu limekuwa gumu, lina rangi ya bilinganya, mwili unatetemeka. Mume wangu Abdirashid alinibeba mpaka hospitali akiwa amevaa ndala zisizofanana.

Muuguzi alikuwa mama wa makamo, anaongea polepole. Nilipomwambia nimekandwa, alisema uso uliotoka kuchomwa una milango wazi kila mahali, na uchafu umesukumwa ndani kwa vidole. Akaniuliza niliingizwa dawa gani. Sikuwa na jina. Akauliza kichupa kiliandikwa nini. Sikukiangalia. Hapo ndipo nililia. Uchungu ulikuwepo, lakini nililia kwa sababu kilichoko ndani ya uso wangu mwenyewe sikujua kinaitwaje. Akasema tungechelewa kidogo zaidi jicho lingekuwa hatarini. Walipasua shavu wakatoa usaha, wakanipa dawa zisizomdhuru mtoto anayenyonya.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye benchi. Nikamwambia ukweli wote. Alitazama viganja vyake.

“Ungeniambia sindano,” akasema, “ningekaa na mikono yangu.”

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Mpaka leo akinipa kikombe cha chai anakiweka chini kwanza, ili vidole vyetu visikutane. Nimemwambia si kosa lake. Ananijibu inshallah, kama mtu aliyeombwa kitu cha mbali.

Lakini lililonivunja ni Ikram. Nilitoka hospitali nimefungwa bendeji, uso umevimba upande mmoja, nikamnyooshea mikono. Alinitazama akapiga kelele akajificha shingoni kwa baba yake. Sauti yangu anaijua, anaitafuta, akigeuka anakuta uso wa mtu mwingine. Nilikuwa namnyonyesha nikiwa nimejifunika shela kichwani mpaka kidevuni. Chini ya shela namwimbia ule wimbo wa bibi yetu, ayeeyo, wa ngamia aliyepotea, naye ananyonya. Nikisahau nikafunua, anaachia titi na kulia. Hiyo, abaayo, hakuna aliyeniambia kwamba inaweza kuja baada ya sindano.

Siku moja Abdirashid aliniambia, “Mimi sikuwahi kusema uso wako una kasoro.”

Nikamwambia, “Hukuwahi kusema hauna.”

Alitoka nje. Aliporudi alikuwa na tikiti maji, akalikata akanipa kipande cha katikati, kile kisicho na mbegu. Ndiyo maneno yake. Nimeyapokea.

Sasa uvimbe umekwisha. Shavu la kushoto limebaki na shimo, ukubwa wa haragwe, na ngozi inayolizunguka ni nyeusi kuliko yale madoa niliyoyakimbia. Muuguzi anasema weusi huenda ukafifia, shimo hajui. Ikram ameshauzoea uso huu. Akinyonya anaingiza kidole kwenye lile shimo anakizungusha, kama liliwekwa hapo kwa ajili yake. Nikimwona hivyo nasema Mungu hajanisahau.

Hodan, sikukatazi kwa nguvu. Najua harusi ni mara moja, na picha zinakaa. Ila kumbuka, huyo kijana alikuona ukiteka maji, jua la saa saba, vumbi mpaka kwenye kope, akaenda kumtuma mjomba wake siku hiyohiyo. Hakuuliza habari ya mashimo.

Njoo vilevile, nakuomba. Nimekukosa mpaka nimekonda. Ukishuka kwenye basi usipitie kwa yule mwanamke, njoo kwangu moja kwa moja. Huku nje natembea na nikabu, hata majirani hawajaniona. Wewe nitakufunulia mchana, tukae mlangoni penye mwanga, uniangalie taratibu, uguse ukitaka. Ukishaniona ndipo uamue. Ukisema bado unataka, tutamtafuta daktari wa ngozi mwenye kibali. Tutauliza dawa inaitwaje na tutamweleza mama mkwe mapema. Hutapita peke yako nilipopita mimi.

Msalimie hooyo, umbusu magoti yote mawili. Msalimie ayeeyo, mwambie wimbo wake umemlisha kitukuu. Mjomba wetu mwenye ngamia mpe salamu zangu akirudi kutoka malishoni, na mwalimu wa madrasa aliyenifundisha kushika kalamu, mwambie mwandiko bado unapanda kilima. Mungu awalinde nyote na awape mvua ya heri.

Ni mimi dada yako,
Fardosa, mama Ikram,
ninayetaka wewe uwe wa kwanza wa kwetu kuniona.