Mwandiko wa Shemeji

Nairobi, Jumapili

Kwako Dada Nekesa,

Habari ya Myanga tangu mlipomzika shemeji? Watoto wanakula? Mguu wa Mama umeacha kuvimba? Mimi mwili hauna neno, moyo ndio haujakaa sawa. Najua bado unajiuliza kwa nini sikuja kumzika mume wako. Nilinyimwa ruhusa kazini, nikaogopa kuondoka bila ruhusa. Sina la kujitetea.

Unajua huku tunachora katuni za watoto za televisheni. Hii mpya ni ya msichana anayejifunza kazi, nami nikapewa nimchore mwalimu wake. Mkubwa wetu alitaka mzee wa ndevu nyeupe, mwenye jibu la kila swali, halafu mwishoni afe ili msichana abaki shujaa. Nilijaribu wiki mbili. Kila nikianza, mkono ulinipeleka kwa shemeji na ovaroli yake yenye rangi, juu ya ngazi pale Kitale. Basi nikamchora yeye: fundi wa mabango asiyejua kusoma.

Ndiyo, Dada. Hakujua kusoma. Wateja walimwandikia maneno kwenye karatasi, naye akayanakili ukutani. Nilipoenda kujifunza kazi kwake baada ya Form Four, mteja mmoja alimtajia maneno kwa mdomo tu. Shemeji alisimama na brashi mpaka rangi ikamdondokea kwenye kiatu. Akashuka, akaniita kando.

"Wekesa, hoteli inaanza na gani?"

Nilicheka, nikidhani ananitania. Yeye hakucheka.

"Mimi nachora tu ile nimeandikiwa," akasema. "Si unifundishe. Lakini dada yako asijue."

Kwa hiyo alinifundisha kushika brashi, nami nikamfundisha herufi. Akikosea alifuta mbele yangu, bila kuona haya.

Na zile barua alizokutumia kutoka Kitale, niliandika mimi. Yeye alisema, mimi nikaandika. Usidhani nilitia maneno yangu. Ile ya wakati mlipompoteza mtoto, nilitaka kuweka maneno mazuri ya kanisani. Akanikataza. "Andika vile nimesema. Mwambie sijui nimwambie nini, lakini nakuja Ijumaa."

Mkubwa aliitazama michoro yangu, akauliza, "Sasa huyu anafundisha nini?"

"Anafundisha kuchora," nikamjibu. "Hayo mengine anajifunza."

Alikubali, ila kifo hakukiondoa. Jana nilichora maziko. Nimechora kaburi, nimekuchora wewe na watoto, na nyuma kabisa nikajichora mimi.

Itakapoonyeshwa, watu wa Myanga watamtambua. Ukiona nimemwaibisha, niambie, nitambadilisha sura. Sitakasirika.

Nisalimie Mama, na umwambie nakuja Desemba. Msalimie mjomba wetu wa Sirisia aliyesimamia mazishi, na kifungua mimba wako, ambaye sasa ndiye anakamua ng'ombe.

Dada, kuna barua moja ya mwisho, ile ya mistari miwili iliyopinda, jina lako likiwa limekosewa. Uliniambia siku ile lazima alikuwa mgonjwa au amelewa. Hakuwa amelewa. Hiyo sikuiandika mimi. Alinitoa nje, akafunga mlango, akakaa nayo mchana kutwa. Ikiwa bado unayo, usiitupe.

Ni mimi mdogo wako,
Wekesa